Ukurasa Uliogandana

Gintė, usiuvute. Ukiuvuta utachanika,
na mimi ndimi nitakayelaumiwa na ukoo mzima.
Kinuse kwanza.
Si harufu ya vumbi, eti?

Miaka ile Kaisari wa Urusi alipiga marufuku herufi.
Si bunduki, si pombe: herufi.
Ė yetu yenye nukta utosini,
Ž yetu na kofia yake.
Kilithuania kiandikwe kwa herufi za Kaisari
au kisichapwe kabisa.
Basi vitabu vilipigwa chapa ng'ambo, Prusia,
vikauvuka mto Nemunas usiku, juu ya barafu,
migongoni mwa watu waliojifanya wachuuzi wa nguruwe.

Baba yake Uršulė alikuwa mmoja wao.
Alirudi ndevu zimeganda,
akachomoa kitabu ndani ya buti la kushoto,
chembamba kama kipande cha mkate wa maskini,
akalala siku mbili.

Uršulė alikuwa na miaka minane na pengo, kama wewe.
Alisomea miguuni pa mama yake,
mama akisokota kitani.
Mtoto akikosea, mguu wa mama huacha kukanyaga,
gurudumu hunyamaza,
na kimya kile kilikuwa kikali kuliko fimbo.

Usiku mmoja gurudumu likanyamaza.
"Žąsis," akasoma tena. Bata bukini.
Kimya.
"Žą-sis," polepole, kidole chini ya neno.
Kimya bado.
Akainua macho amuulize mama kosa liko wapi.
Mama hakuwa akimtazama. Alitazama mlango,
na huko nje theluji ilikuwa ikikanyagwa
na buti zisizo za baba.

Hapa ndipo ukoo wetu hugombana.
Mjomba Zenonas huapa kitabu kilifichwa chini ya kuku anayeatamia.
(Kuku gani huatamia Januari, mjomba?)
Shangazi Domicėlė husema kilizikwa katika donge la unga,
mkate ukaokwa, askari akapewa kipande, akasifu.
Shangazi hupenda hadithi zenye chakula.

Mimi naamini pua yangu.
Uršulė alitokea kidirisha cha ghala, bila viatu,
hadi kwenye mizinga ya magogo nyuma ya nyumba.
Akaondoa nyasi kavu, akakipenyeza.
Nyuki wa kipupwe hawalali; hukumbatiana, hutetema.
Alisikia mvumo wao mdogo,
kama gurudumu linalozunguka nyumba ya mbali.

Askari walipasua magodoro, wakamwaga maharagwe,
wakaondoka na jibini letu.
Mzinga hawakuugusa.
Hata askari wa Kaisari, ushujaa wake una mpaka.

Baba walimchukua mwaka uliofuata, kwa kitabu kingine.
Hiyo si hadithi ya leo.
Nitakusimulia utakapoota meno ya mbele.

Theluji ilipoyeyuka wakafungua mzinga.
Nyuki walikuwa wamekifanya kitabu chao,
wamekiziba kingo kwa nta,
wamegandisha kurasa mbili, uso kwa uso.
Wao hawakuisoma amri.

Uršulė akasoma kilichobaki, chote.
Akaolewa, akazaa sita,
akawafundisha wote kwa kitabu hikihiki,
na kila mmoja alipofika hapa, aliruka.
Kisu chenye moto kingetosha. Hata pasi.
Hakuna aliyeleta kisu, hakuna aliyeleta pasi.
Tunajua neno moja tu lililomo ndani.

Haya, kaa hapa miguuni, uanze.
Gurudumu sina; nafuma soksi.
Ukisikia sindano zimenyamaza, rudia neno.
Ukirudia mara mbili na bado kimya,
inua macho.